Tabaka la Nne la Ukuta wa Kizimbale

"Shoga, ungepewa kumsikia maiti mmoja tu, umsikie siku tatu kisha basi, ungemchagua nani?"

Swali hilo Bi Pili Ngwele alimwuliza Somoe siku ile Sikio, mashine ya kusikiliza kuta, liliposhushwa kwenye gati la Kizimbale, limefungwa magunia na kamba juu ya magunia. Walikuwa wamesimama mlangoni, jirani na jirani, kila mmoja na kikombe chake cha chai ya tangawizi. Somoe hakufikiri.

"Ngwali."

"Mumeo mwenyewe? Miaka kumi na mitano kaburini na bado hujamaliza kugombana naye?"

"Kuna neno aliliacha ukutani. Nataka nilisikie."

Bi Pili alicheka mpaka chai ikamwagikia kanga. Somoe alitabasamu kwa heshima tu, maana yeye hakuwa anatania.

Kizimbale ulikuwa mji mkuu wa dola saba, moja baada ya nyingine. Kila dola iliyouteka mji ilianza na jambo lile lile: iliamuru ukumbi wa enzi upigwe chokaa upya, ili watu wasione tena alama za aliyetangulia. Hakuna aliyejisumbua kubandua ya mwenzake. Walipaka juu yake, basi. Watawala walikuja kutoka pande zote za dunia, lakini mafundi walikuwa wale wale, watu wa Mtaa wa Tanuri, na mafundi hao walikuwa na desturi yao. Fundi akishamaliza pembe ya mwisho, husogeza mdomo karibu na chokaa mbichi, akautajia ukuta jina lake, jina la baba yake, na dua moja. Wao huiita kuuambia ukuta. Watawala hawakujua. Wangejua wangecheka.

Tabaka la juu kabisa, la Shirikisho, lilipakwa na Fundi Ngwali. Aliuambia ukuta asubuhi, na mchana wake alianguka kutoka jukwaani. Somoe ndiye aliyemkorogea chokaa ile.

*

Jumatatu Sikio lilifungwa mbele ya ukuta. Jumanne asubuhi Somoe aliketi kwenye kigoda na kuweka kiganja juu ya kioo chake.

Mashine ile haikutaka mkono wowote tu. Vijana wawili wenye shahada waliwahi kuiendesha kwenye Lango la Magharibi, wakasukuma kwa pupa, na miaka mia nne ikawa unga sakafuni. Ndipo Daktari Chande Mtopa, mkuu wa kazi, alipokwenda Mtaa wa Tanuri kutafuta mtu anayejua unene wa chokaa kwa kugusa, akaonyeshwa mjane wa Ngwali. Somoe aliishia darasa la saba. Kitabu cha mashine alikisoma mara tatu kwa kufuata kidole, kama anavyosoma juzuu yake, na alikielewa kuliko walivyodhani. Chokaa ya matumbawe ikiwa mbichi hutetemeka kwa kila sauti iliyo karibu. Ikikauka, mtetemo unabaki humo. Ngozi yake hubaki laini siku tatu tu, kwa hiyo tabaka moja lina siku tatu za sauti, si zaidi. Sikio huumulika ukuta, likaambua unene usiofikia unywele, na kuugeuza mtetemo kuwa sauti. Kilichosomwa huwa vumbi. Hakisomwi mara ya pili.

"Fikiria, Bi Somoe," Daktari alikuwa akizunguka ukumbini, hawezi kutulia. "Kila dola ilipaka chokaa ilipoingia. Maana yake ukuta huu haujui mwisho wa dola hata moja. Unajua mianzo tu. Mianzo saba."

"Na Jumapili unaondoka na maji."

"Na Jumapili unaondoka na maji," alikubali.

Bahari ilikuwa imeshakula msingi upande wa mashariki. Wahandisi walisema bamvua la Jumapili litaumaliza ukumbi. Kuukata ukuta na kuuhamisha haikuwezekana. Walijaribu kwingine, ukapasuka njiani. Kusoma tabaka moja lote, ukuta mzima, kulitaka siku nne. Ilikuwa Jumanne. Hesabu haikuhitaji shahada: tabaka moja, na yaliyo juu yake yakwanguliwe bila kusikilizwa.

"Leo tunaonja tu," Daktari alisema. "Tundu la upana wa kiganja, kutoka juu mpaka kwenye jiwe. Tutapata maneno mawili matatu kila tabaka. Haya, kwa jina la Mungu."

"Nimeshalitaja."

Spika ilikwaruza. Kisha sauti ya mwanamke ikasema, wazi kabisa, "Bismillahi." Nyuma yake sauti ya mwanamume ikalalamika: "Nani amekunywa chai yangu? Niliiacha hapa hapa dirishani."

Daktari alisimama. "Hiyo ni sauti yangu."

"Ya jana," Somoe alisema.

"Chokaa ya miaka kumi na mitano inase sauti ya jana?" Akaanza kucheka. "Na chai yenyewe, nani aliinywa?"

Somoe alikuwa akitazama ndoo iliyokuwa pembeni, na brashi ya katani juu yake.

Fundi wa Kizimbale hagusi ukuta mkavu. Kwanza huunywesha: huurushia maji kwa brashi mara tatu, kwa bismillahi, toka juu hadi chini, kwa sababu chokaa kavu huvunjika chini ya mkono. Alifundishwa hivyo na baba yake. Jana, alipoletwa mbele ya ukuta, mkono wake ulifanya ulichozoea miaka arobaini. Kitabu cha mashine hakikumkataza, kwa kuwa waliokiandika hawakujua kwamba duniani kuna watu wanaoupa ukuta maji. Ngozi ya juu ilikuwa imelainika, ikaacha ilichokishika, ikashika kilichokuwepo. Chai ya Daktari.

"Maji yamefika wapi?" Daktari aliuliza, kicheko kimemwisha.

"Tabaka la juu peke yake. Lakini ukuta mzima."

"Basi si kitu. La Shirikisho tungelikwangua tu."

"Ndiyo," Somoe alisema. "Si kitu."

Aligeuza uso kuuelekea ukuta, midomo ikatembea kidogo. Kisha akarudisha kiganja kwenye kioo.

*

Tabaka la pili lilikuwa la Jamhuri. Walisikia tarumbeta, watu wengi, na mtu akijaribu kipaza sauti: "Moja, mbili. Moja, mbili. Ndugu wananchi, kuanzia leo mji huu ni wenu milele. Wale waliopanda juu ya mizinga washuke."

Daktari alipiga makofi kama mtoto.

La tatu lilikuwa la Serikali ya Boma. Viatu vizito, maneno ya kigeni, kisha mkalimani mwenye mafua: "Bwana mkubwa anasema, kuanzia leo mji huu ni wake milele. Msimwulize maswali, amechoka na safari."

"Umemsikia?" Daktari alisema. "Mafua yake, Bi Somoe. Mtu wa miaka mia mbili na hamsini, na mafua yake."

Somoe naye moyo ulikuwa unamwenda mbio. Aliona haya kufurahi, siku kama ile, lakini furaha haikumwomba ruhusa. Sauti zilikuwa zikitoka chini ya vidole vyake, na kila moja ilikuwa na pumzi ndani yake.

La nne, la Masultani wa Ng'ambo, lilikuja kwa mnong'ono. Chuma kilichokokotwa juu ya mawe. Fundi akikwangua karai. Sauti ya mwanamke: "...Nambewe, wa nyuma ya maporomoko, mama yangu..." Likakatika.

"Nani huyo?" Somoe aliuliza.

"Endelea, endelea. Tutarudi."

La tano, la Wenye Mizinga, lilikuwa wimbo wa walevi, na mmoja akitapika. La sita lilikuwa la Watu wa Bara, walioshuka na ng'ombe wao wakauchukua mji kwa wiki moja, na Somoe hakuzuia kicheko aliposikia jemadari wao akifoka: "Maji yote haya, na hakuna hata la kunywa? Nani alisema mji huu ni mzuri?"

Kisha la saba. Wafalme wa Kwanza. Chokaa ilikuwa ngumu, imeshikana na jiwe, na Sikio likanguruma. Kimya kirefu. Mtu akasafisha koo. Sauti nzito, isiyo na haraka, ikasema kwa Kiswahili cha kale ambacho hata hivyo kila mmoja wao alikielewa:

"Siswi tulochoma matumbawe haya kwa mikono yetu, twaapa..."

Tundu lilikuwa limefika kwenye jiwe.

Daktari Chande alikaa chini sakafuni, kwenye vumbi, na suruali yake nzuri. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Kwa mikono yetu," alisema. "Miaka thelathini. Vitabu vya wageni vyote vinasema mji huu tulijengewa. Bi Somoe, miaka thelathini nimewajibu kwa vigae vya vyungu. Sasa nitawajibu kwa mdomo wa mwenye mji."

Somoe akamletea maji.

*

Walirudia la nne mchana ule, kutoka kwenye kinasa sauti, baada ya Daktari kusafisha mikwaruzo. Alifanya hivyo kumridhisha Somoe tu. Kabla ya ule mnong'ono kulikuwa na sauti nyingine waliyoipita, ya mwanamume, yenye lafudhi ya Mtaa wa Tanuri isiyofichika.

"Hapa kwetu fundi akimaliza hutaja jina lake," sauti ilisema. "Leo langu silitaji. Chokaa bado mbichi. Semeni ninyi. Mmoja mmoja, polepole, wala msilie juu ya maneno."

Kisha: "Mimi Nambewe, wa nyuma ya maporomoko, mama yangu..."

Daktari alizima kinasa mwenyewe.

Wote wawili walijua habari ya siku zile. Kila mtoto wa Kizimbale aliijua kwa ufupi. Masultani wa Ng'ambo walipouchukua mji, ukumbi ulikuwa ghala kabla haujawa baraza. Watu walifungiwa humo siku tatu wakingoja majahazi ya watumwa. Hesabu iliyobaki ilikuwa namba: mia sita na arobaini. Majina hayakuwahi kuandikwa popote.

"Yamo humu," Somoe alisema.

"Baadhi."

"Siku tatu, Daktari. Mia sita na arobaini. Wanatosha wote na nafasi inabaki."

Daktari alivua miwani akaifuta kwa shati. "Najua unachotaka kusema. Usiseme kwanza. Nisikilize mimi. Jumamosi ijayo mataifa matatu yanaketi kutunga hati ya mji mpya juu kule mlimani. Kila taifa linasema mji wa kale ulikuwa wake. Kiapo kile kitamaliza ubishi. Watoto watakua wakijua babu zao walisimama hapa wakasema, sisi tulijenga. Unajua hilo linamfanyia nini mtoto?"

"Tulijenga. Mimi najua. Baba yangu alijua."

"Kujua si ushahidi, mama."

"Na hawa wa nne ushahidi wao uko wapi pengine?"

Daktari aliendelea kuifuta miwani.

"Mfalme ana kaburi," Somoe alisema. "Ana sarafu zenye jina lake. Ana barabara. Umemsikia leo maneno manane, na maneno hayo umeyashika kwenye kinasa, hakuna wa kukunyang'anya. Hawa wana ukuta huu, na ukuta huu una mpaka Jumapili."

"Maneno manane watasema tumeyatunga."

"Watasema hivyo hata ukiwaletea maneno elfu nane."

Ilimwuma, ilionekana. Alirudisha miwani. "Amri haikutoka kwangu. Mheshimiwa Lutengano wa baraza la mji mpya anakuja kesho saa tatu kushuhudia. Amri ni tabaka la saba. Uanze kukwangua baada ya sala ya alfajiri, ufike la saba kabla hajaingia. Ulikubali kazi, Bi Somoe."

"Nilikubali." Alikuwa ameshika brashi ya katani, akiivutavuta nyuzi. "Daktari, jana nilimfuta mtu kwa ndoo ya maji. Sikujua. Nataraji Mungu atanihesabia kutokujua. Kesho unataka niwafute mia sita na arobaini, na nimeshajua."

"Ulimfuta nani?"

"Ngwali. La juu alilipaka yeye. Alisema neno lake asubuhi, akaanguka mchana. Miaka kumi na mitano nilikuwa nangoja mashine hii bila kujua kwamba itakuja kuwepo."

Daktari alitazama ndoo, akamtazama yeye. "Na mimi nikauliza habari za chai," alisema mwishowe.

"Ulikuwa na haki. Niliinywa mimi."

*

Jumatano jua lilipochomoza Somoe alikuwa tayari ukumbini. Alikuwa ameswali, akakaa juu ya msala muda mrefu kuliko kawaida yake, na alipoinuka hakuwa na ndoto wala ishara. Alikuwa na ile ile hofu ya jana, ila imetulia mahali pamoja.

Alikwangua la kwanza, la Shirikisho. Vumbi lilishuka jeupe, akalikinga kwa kanga, akalifunga fundo bila kuliangalia. Alikwangua la pili, Jamhuri na tarumbeta zake. Alikwangua la tatu, na mkalimani na mafua yake, akamwomba radhi. Alipofika la nne aliweka kisu juu ya kigoda. Aligeuza Sikio kwenye kusoma, akaweka kiganja kwenye kioo, na mwanga ukaanza kutembea kwenye pembe ya juu, polepole mno, kama mtu anayefuata mistari kwa kidole.

Saa tatu kasorobo walikuja. Mheshimiwa Lutengano alikuwa mtu mrefu, mpole wa sura, amevaa koti lenye nembo ya baraza la mji mpya. Alimwamkia Somoe vizuri, "Shikamoo, mama," akaitikiwa. Daktari alikuwa nyuma yake, amebeba mkoba, hakulala, ilionekana machoni.

Spika ilikuwa ikisema: "Mimi Chikwenga. Mke wangu wamembakiza njiani. Yeye ni Asalile."

"Huyu ndiye mfalme?" Mheshimiwa aliuliza.

"Hapana, Mheshimiwa," Somoe alisema. "Hili ni la nne. La saba sijalifikia na sitalifikia. Sikuficha. Kisu kiko pale juu ya kigoda, na Daktari anajua kukitumia. Hawa bado wanaweza kukwanguliwa leo, na la saba likawahi. Lakini si kwa mkono wangu. Mwenye kutaka na aweke wake."

Mheshimiwa alimgeukia Daktari. "Ulinihakikishia."

"Nilikuhakikishia," Daktari alisema.

"Mataifa matatu yanangoja, Chande. Nimewaambia watasikia kiapo. Hawa..." Alisita, akachagua neno. "Hawa tunawaheshimu. Tutawajengea mnara. Lakini hati haiandikwi kwa hawa."

"Mimi Mkwanda," spika ilisema. "Nilikuwa nafinyanga."

Daktari alikwenda mpaka kwenye kigoda. Somoe alimwona akikitazama kisu, akakichukua, akakipima uzito mkononi. Somoe alishamaliza maneno jana, na kiganja chake kilikuwa na kazi. Miaka thelathini ya mtu ilikuwa imesimama pale na kisu, na alijua kabisa kwamba yeye mwenyewe, angekuwa Daktari, angeweza kukwangua.

Spika ikanyamaza kidogo. Akasikika mtoto mchanga akinung'unika, kisha sauti ya msichana, ya juu, ya haraka, kama anayeogopa zamu yake itapita.

"Mimi Tukuswiga. Huyu wangu hajapewa jina, kwetu tunangoja siku ya saba. Leo ni ya nne. Mwandike hivyo hivyo."

Mwanga ulisogea. Vumbi lake likaanguka.

Daktari aliweka kisu ndani ya mkoba, akaufunga. Kisha akaufungua tena, kwa kuwa kalamu ilikuwa humo. Aliketi kwenye kigoda cha Somoe, akatoa makaratasi aliyokuwa ameyaandaa kwa ajili ya kiapo cha mfalme, yenye nembo juu na mistari ya dhahabu, akaligeuza moja upande mweupe.

"Kinasa kinafanya kazi?" aliuliza.

"Kinafanya."

"Nitaandika hata hivyo. Huyu ni wa ngapi?"

"Tukuswiga ni wa kumi na nane. Mtoto wa kumi na tisa."

"Zima mashine, Daktari," Mheshimiwa Lutengano alisema kwa upole. "Sitarudia."

Daktari Chande aliandika Tukuswiga. Chini yake akaandika: mwanawe, wa siku nne. Aliandika kwa herufi kubwa, taratibu, akapuliza wino.

"Mimi Alinune," spika ilisema, "na huyu ni ndugu yangu, hasemi tangu juzi, namsemea mimi."

"Wa ishirini, na wa ishirini na moja," Somoe alisema.

Mheshimiwa alibaki amesimama kwa majina mengine matatu. Kisha akafunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, akavuka vumbi la sakafuni kwa uangalifu asilikanyage, akatoka.